Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: polariti ya nyaya na uvujaji wa umeme kwenye UPS na inveta

Majibu haya yanahusu vifaa vya umeme wa akiba vya majumbani, maofisini na kwenye vyumba vya seva: UPS (vifaa vyenye betri vinavyoshika mzigo papo hapo umeme unapokatika) ndogo za plagi, UPS kubwa zinazofungwa moja kwa moja kwenye bodi ya umeme, na inveta zenye betri. Namba zilizotajwa ni za umeme wa volti 230 na hezi 50. Penye volti 120 mantiki ni ileile, ila volteji hushuka hadi karibu nusu. Mtu mwangalifu mwenye mita nzuri anaweza kupima kwenye tundu za soketi. Kufungua soketi, bodi au UPS yenyewe ni kazi ya fundi umeme aliyefuzu, kwa sababu ndani ya UPS huwa kuna umeme wa kuua hata plagi ikiwa imechomolewa.

## Misingi

1. Taa ya hitilafu ya nyaya imewaka. Je, UPS yangu imeharibika?

Mara nyingi haijaharibika. Taa hiyo, ambayo kwenye baadhi ya modeli huja kama ujumbe kwenye kioo, inaeleza hali ya soketi na wala si hali ya UPS. Ndani ya kifaa kuna saketi ndogo inayolinganisha volteji ya nyutro (waya wa kurudishia mkondo) na ya ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini). Kwenye soketi iliyo sawa viwili hivyo hukaribiana sana, kwa kuwa mahali fulani nyuma yake, iwe ni kwenye transfoma au pale umeme unapoingia jengoni, vimeunganishwa. UPS ikikuta tofauti kubwa kati yake, mambo ya kushuku kwanza ni matatu: waya wa moto (unaoleta umeme) na nyutro vimebadilishana, ethi haipo, au nyutro ina muunganiko uliolegea.

Kwa hiyo kununua UPS nyingine hakutatui kitu. Chukua UPS hiyohiyo uichomeke bila ekstensheni kwenye soketi iliyo chini ya saketi breka nyingine. Taa ikizimika, tatizo liko kwenye soketi ya kwanza au kwenye ekstensheni. Anza na ekstensheni, hasa iliyowahi kubadilishwa plagi, kwani huko ndiko nyaya hugeuzwa kwa urahisi zaidi.

2. Umeme wa ukutani hauna chanya wala hasi. Polariti inatoka wapi?

Ni kweli kwamba umeme wa mkondo geu hubadili mwelekeo wakati wote, na kifaa chenyewe hakijali ni upande upi ulio moto. Polariti hapa inahusu nafasi ya kila waya: waya wa moto uende kwenye tundu lake, nyutro kwenye lake. Nafasi hiyo ina uzito kwa sababu swichi, fyuzi na saketi breka za nguzo moja, yaani zinazokata waya mmoja tu, huwekwa kwenye waya wa moto. Nyaya zikigeuzwa, swichi hukata nyutro tu, na kifaa kinachoonekana kimezimwa hubaki na volti 230 ndani yake.

Polariti ya betri ni suala jingine kabisa. Huko chanya na hasi zipo, na kuzigeuza huunguza fyuzi au inveta yenyewe papo hapo.

3. Kompyuta inafanya kazi vizuri ingawa taa imewaka. Kuna ubaya gani kuiacha?

Ubaya wake hauonekani mpaka siku kosa la pili litakapotokea. Pasipo ethi, waya wa moto ukigusa bati la kompyuta hakuna kinachokata umeme, na bati hilo humngoja mtu aliguse. Polariti ikiwa imegeuzwa, fyuzi ya plagi inaweza kuungua upande wa nyutro na kuacha kifaa kikiwa na moto. Vilevile kinga ya UPS dhidi ya volteji za ghafla, kama zile za radi, hutegemea ethi kupitisha sehemu ya nguvu hiyo. Ethi ikikosekana, sehemu ya kinga hiyo haipo.

Usikate pini ya ethi wala kutumia adapta inayoiacha nje ili taa inyamaze. Kwenye modeli nyingi hata haitanyamaza, na ulinzi wa mwisho utakuwa umeuondoa kwa mikono yako.

4. Nitambueje nyaya kwa rangi?

Katika nchi nyingi zinazofuata viwango vya IEC, kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani chenye mistari ya njano ni ethi. Katika mfumo wa zamani wa Uingereza, ambao bado umo kwenye majengo mengi, nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro. Marekani nyeusi ni moto, nyeupe ni nyutro. Angalia hatari iliyopo hapo: nyeusi ni nyutro katika mfumo mmoja na moto katika mwingine. Rangi hukuambia fundi alikusudia nini. Alichokifanya utakijua kwa mita.

## Kupima

5. Nipime nini kwenye soketi, na namba zipi zinakubalika?

Pima volteji tatu: moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi. Tumia multimita ya daraja la CAT II au zaidi kwa soketi, na CAT III au zaidi kwa bodi, yenye nyaya za kupimia zisizochubuka. Pima mara mbili, kwanza soketi ikiwa haina mzigo, kisha ikiwa na mzigo mzito kama birika au pasi kwenye saketi ileile. Kipimo cha pili ndicho ambacho wengi hukiruka, na ndicho kinachofichua mengi.

Hali ya kawaida ni hii: moto na nyutro kati ya volti 207 na 253, yaani 230 na asilimia 10 juu au chini; moto na ethi karibu sawa na hapo; nyutro na ethi chini ya volti 2 au 3 hivi. Tofauti ndogo kati ya nyutro na ethi inatarajiwa, kwa sababu nyutro hubeba mkondo na ethi haibebi. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 una ukinzani wa takribani miliomu 7.4 kwa kila mita. Mita 30 zikipitisha ampea 10, nyutro hupoteza kama volti 2.2, na kiasi hicho ndicho utakachokiona kwenye mita.

Ukikuta nyutro na ethi ni volti 230 na moto na ethi ni karibu sifuri, polariti imegeuzwa. Ukikuta vipimo vyote viwili vya ethi vinaelea karibu na nusu ya volteji, ilhali moto na nyutro ni sawa, ethi imekatika, au chanzo cha umeme hakijaunganishwa na ardhi (tazama swali la 10). Ukikuta sifuri kamili kati ya nyutro na ethi hata chini ya mzigo mkubwa, mbali na bodi, usifurahi: huenda mtu ameziunganisha nyuma ya soketi ili kumridhisha mkaguzi au taa. Nyutro ikikatika siku moja, mabati ya vifaa vyote vya soketi hiyo yatakuwa na moto.

6. Mita inaonyesha volti 60 au 90 kwenye waya ambao haujaunganishwa popote. Inawezekanaje?

Hiyo ni volteji hewa. Multimita za kidijitali zina ukinzani mkubwa, kwa kawaida megaomu 10, kiasi kwamba mkondo mdogo mno unaopenya kutoka kwa waya wa moto uliolala sambamba unatosha kuzipa namba. Tumia mita yenye chaguo la ukinzani mdogo, au taa ya kupimia yenye nyaya mbili. Volteji hewa huporomoka mara tu mzigo mdogo unapowekwa. Volteji ya kweli hubaki.

7. Je, testa ya bisibisi inatosha? Na kile kipimio cha taa tatu?

Testa ya bisibisi haitoshi kwa uamuzi wowote wa usalama. Huwaka kwa mkondo unaopita mwilini mwako, hivyo viatu, sakafu na unyevu hubadili jibu, na inaweza kuwaka kwenye tundu zote mbili nyutro inapokatika.

Kipimio cha taa tatu ni bora zaidi. Kitaonyesha polariti iliyogeuzwa na ethi iliyokosekana kwa sekunde chache. Hata hivyo hakijui kama ethi ni imara au imeshikwa na uzi mmoja wa shaba, na hakioni nyutro na ethi zilizobadilishana.

8. Nyutro na ethi zikibadilishana, nitagunduaje ilhali volteji zote ni sawa?

Hili ni kosa linalopita katikati ya vipimo vya volteji bila kuonekana, kwa sababu waya zote mbili huishia mahali pamoja. Dalili ya kwanza huwa ni RCD, swichi inayokata umeme mkondo unaokwenda na unaorudi usipolingana: inatulia soketi ikiwa tupu na hukata mara tu kifaa chochote kinapowashwa, kwani mkondo wote unarudi kupitia ethi. Pasipo RCD hakuna dalili kabisa, na hapo ndipo kosa linapokuwa baya zaidi, maana nyaya za ethi za jengo zima hubeba mkondo kwa miaka.

Ugunduzi ni wa aina mbili. Fundi anaweza kubana waya wa ethi kwenye bodi kwa mita ya kubana mzigo ukiwa umewashwa. Ampea kadhaa zikionekana hapo, jibu limepatikana. Au azime umeme wote, achomoe nyutro na ethi za saketi hiyo kwenye bodi, kisha apime mwendelezo wa kila waya hadi kwenye tundu la soketi.

## Polariti katika mazingira tofauti

9. Nikigeuza plagi taa ya hitilafu inazimika. Hiyo ni sawa?

Kwa plagi za Schuko, ndiyo. Plagi hizo za pini mbili za mviringo zenye ethi pembeni huingia kwa pande zote mbili, kwa hiyo polariti yake ni ya bahati. Watengenezaji wengi huizima taa hiyo kwenye modeli za soketi za namna hii. Ikiwa yako bado inafanya kazi, geuza plagi uiache upande ambao taa imezimika. Plagi ya pini tatu za mraba yenye fyuzi, ya kiwango cha BS 1363, haiwezi kugeuzwa. Taa ikiwaka hapo, waya zimegeuzwa ndani ya soketi, ndani ya plagi au kwenye ekstensheni.

10. Taa huwaka tukiwa kwenye jenereta tu. Kwenye umeme wa kawaida hakuna tatizo.

Jenereta nyingi za kubebeka hutoka kiwandani zikiwa na nyutro inayoelea, yaani haijaunganishwa na fremu wala ardhi. UPS na kompyuta zina kapasita ndogo za kuchuja kelele kati ya kila waya na ethi, na kapasita hizo hugawa volteji katikati: utapima kama volti 115 kutoka moto hadi ethi na 115 kutoka nyutro hadi ethi. UPS huona nyutro iliyo mbali na ethi na kuwasha taa. Baadhi hukataa hata kuchaji.

Tiba ni kuunganisha nyutro na ethi mahali pamoja tu, na uamuzi wa wapi hutegemea swichi ya kubadilishia. Ikiwa swichi hiyo inabadili waya wa moto pekee na kuacha nyutro ya jengo imeunganishwa wakati wote, muunganiko tayari uko kwenye umeme wa jengo, na kuongeza mwingine kwenye jenereta kutapeleka mkondo wa nyutro kwenye ethi na kuangusha RCD. Ikiwa swichi inabadili moto na nyutro pamoja, jenereta husimama peke yake, na muunganiko hufanywa kwake, pamoja na ethi yake.

11. Nyutro na ethi ni volti 15, na hupanda nikiwasha mzigo. Nifanye nini?

Hiyo ni nyutro yenye ukinzani kupita kiasi: skurubu iliyolegea, kiungio kilichoungua, au waya mwembamba kwa urefu wake. Zima saketi na uite fundi, kwa sababu kiungio cha namna hiyo hutoa joto pale pale kilipo.

Kwenye jengo la fezi tatu hali huwa ya dharura. Nyutro kuu ikikatika, volteji ya kila fezi huamuliwa na mizigo iliyopo: saketi moja hushuka hadi volti 120 wakati nyingine inapanda kuelekea 400. Taa zinazofifia upande mmoja huku za upande mwingine zikiwaka kupita kawaida ni sababu ya kuzima swichi kuu mara moja, kabla ya kupima chochote.

## Uvujaji wa umeme

12. Nikigusa bati la kompyuta au la UPS nahisi mtetemo. Kwa nini?

Karibu kila mara ni ethi iliyokosekana pamoja na zile kapasita za swali la 10. Bati hukaa kwenye nusu ya volteji, ingawa mkondo unaoweza kutoka ni mdogo: kapasita ya nanofaradi 4.7 kwenye volti 230 na hezi 50 hupitisha takribani miliampea 0.34. Mtu huanza kuhisi umeme karibu na miliampea 0.5, kwa hiyo kompyuta moja hutekenya tu. Tatizo ni kwamba mikondo hiyo hujumlishwa. Vifaa 30 vikitumia UPS moja isiyo na ethi, jumla yake hukaribia kiwango ambacho misuli ya mkono hukaza na mtu kushindwa kuachia, ambacho ni kama miliampea 10.

13. Ni kiasi gani cha uvujaji kinachohesabika kuwa cha kawaida?

Kwa kifaa cha plagi chenye ethi, kikomo kinachotumika katika viwango vya vifaa vya kompyuta na vya UPS ni miliampea 3.5. UPS hubeba uvujaji wake pamoja na wa kila kilichochomekwa nyuma yake, na wote hupita kwenye waya mmoja wa ethi wa plagi yake. Kwa usakinishaji wa kudumu ambao jumla yake huzidi miliampea 10, ethi hutakiwa kuimarishwa, kwa mfano kwa shaba isiyopungua milimita mraba 10.

Vifaa vya tiba vinavyomgusa mgonjwa vina vikomo vikali zaidi, vinavyohesabiwa kwa mikroampea, na UPS ya ofisini haifai kuviwekea umeme.

14. RCD hukata mara kwa mara tangu tufunge UPS. Je, kuna hitilafu?

Inawezekana hakuna hata moja. RCD ya miliampea 30 inaruhusiwa kukata popote juu ya miliampea 15, na kanuni nzuri ni kutoruhusu uvujaji wa kudumu uzidi asilimia 30 ya kipimo chake, yaani miliampea 9. Kompyuta kadhaa na UPS mbili zinaweza kufika hapo bila kosa lolote. Umeme unaporudi ghafla, kapasita zote hujazwa kwa pamoja na msukumo huo wa muda mfupi humaliza nafasi iliyobaki.

Pima kabla ya kuamua. Kwa mita ya kubana ya uvujaji, yenye uwezo wa kusoma hadi sehemu ya mia ya miliampea moja, bana moto na nyutro kwa pamoja bila ethi. Kinachosomeka ni tofauti kati ya mkondo unaokwenda na unaorudi. Kisha chomoa vifaa kimoja kimoja. Namba ikishuka kidogo kidogo kwa kila kifaa, ni mrundikano, na tiba ni kugawa mizigo kwenye RCD kadhaa. Ikianguka kwa mkupuo mmoja, umekipata kifaa kibovu. Ikibaki juu hata baada ya kuchomoa vyote, uvujaji uko kwenye nyaya za ukuta.

Usibadilishe RCD ya 30 kwa ya 100 au 300 ili ipate kutulia. Hizo hulinda jengo dhidi ya moto, mtu hazimlindi. Angalia pia aina yake: aina ya AC inaweza kupumbazwa na mkondo mnyoofu unaotoka kwenye chaja na inveta, kwa hiyo kwa UPS za fezi moja chagua angalau aina ya A, na kwa za fezi tatu mtengenezaji mara nyingi hutaka aina ya B.

15. Tulipofunga inveta ya nyumba, RCD haikubali kabisa. Kila kifaa kikipimwa peke yake ni kizima.

Shuku nyutro zilizochanganywa kabla ya kushuku kingine chochote. Fundi alihamisha nyaya za moto za taa na soketi chache kwenda kwenye inveta, akaacha nyutro zake kwenye upau ule wa zamani, yaani kipande cha chuma kwenye bodi ambapo nyutro hufungwa pamoja. Mkondo sasa hutoka kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, na RCD, ambayo kazi yake ni kulinganisha njia hizo mbili, huona pengo sawa na mzigo wote. Wakati mwingine ni swichi za ngazi au taa mbili zilizochangia nyutro ndani ya dari tangu jengo lilipojengwa.

Kila saketi inayohamia kwenye inveta ihame na nyutro yake, kwenye upau wake. Kupata nyutro iliyopotea, fundi huzima umeme, huchomoa nyutro za inveta kwenye upau, na kupima mwendelezo kati yake na nyutro nyingine za bodi. Penye mwendelezo ndipo penye mchanganyiko. Kazi hii huchosha na haina njia ya mkato. Kuondoa RCD badala ya kuimaliza ni kuacha nyumba bila ulinzi.

## Hali zisizo za kawaida

16. Ili kujaribu betri, si nachomoa tu plagi ya UPS?

Usifanye hivyo. Ukichomoa plagi unakata pia ethi ya UPS na ya kila kifaa kilichounganishwa nayo, na uvujaji wa vyote (swali la 12) hubaki ukitafuta njia kupitia kebo za mtandao au mtu anayegusa. Tena, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kuzuia umeme kurudi nyuma ikiwa imeganda, pini za plagi uliyoshika zinaweza kuwa na moto kutoka kwenye betri. Zima kwa swichi ya soketi au saketi breka; moto hukatwa, ethi hubaki.

17. RCD iliyo baada ya UPS hufanya kazi tukiwa kwenye betri?

Hutegemea kama nyutro ya upande wa kutokea bado imefungamana na ethi. UPS nyingi za plagi hukata moto na nyutro za kuingilia zinapohamia betri, na umeme wake huelea. Kosa la kwanza kwenda kwenye ethi halitakuwa na njia ya kurudi, na RCD haitakata. Baadhi ya inveta zina rilei inayounganisha nyutro na ethi wakati huo tu. Kitabu cha kifaa husema.

Kitufe cha majaribio kilicho juu ya RCD hakijibu swali hili. Hupitisha mkondo kutoka moto hadi nyutro ndani ya RCD yenyewe, kwa hiyo itakata hata pasipo ethi popote. Jibu hutolewa na kipimio cha RCD kilichochomekwa kwenye soketi, UPS ikiwa kwenye betri.

18. Je, nichimbie fimbo ya ethi ya kompyuta peke yake?

Fimbo ya pekee isiyounganishwa na ethi kuu ya jengo huleta hatari mpya. Radi ikipiga karibu, fimbo mbili huwa na volteji tofauti, na tofauti hiyo hupita kwenye kebo za mtandao. Zaidi ya hayo, fimbo yenye omu 20, ambayo wengi wangeiita nzuri, hupitisha ampea 11.5 tu kwa volti 230. Saketi breka ya ampea 20 haitakata kamwe kwa mkondo huo, na ndiyo sababu mifumo inayotegemea fimbo hulazimika kuwa na RCD. Fimbo ya ziada si kosa mradi iunganishwe na ethi kuu kwa waya wa kutosha.

19. Fundi anataka kupima kihami cha nyaya kwa volti 500. UPS ibaki imechomekwa?

Hapana. Vifaa vya kuzuia volteji za ghafla na kapasita za kuchuja zilizo ndani ya UPS na kompyuta zitatoa usomaji wa chini usio wa kweli, na baadhi zinaweza kuharibika. Chomoa kila kifaa cha kielektroniki, na UPS iliyofungwa kwenye bodi itenganishwe kabisa, upande wa kuingilia na wa kutokea, kisha betri zake zikatwe. Kwa saketi za volti 230 usomaji usipungue megaomu 1. Nyaya mpya zilizo kavu kwa kawaida hutoa mamia ya megaomu, hivyo saketi inayosoma 2 au 3 imepita kikomo lakini inastahili kufuatiliwa, hasa ikiwa mabomba yake hupita penye unyevu.